Kiti cha Bunge si Mali ya Urithi

Juzi katika shule yetu hapa Tunduma tuliwauliza wanafunzi wa darasa la saba swali moja: Mbunge akifa, kiti chake ni cha nani? Tulitazamia jibu fupi, ya kwamba kiti ni cha wananchi wa jimbo, nao watamchagua mtu mwingine. Lakini mtoto wa kwanza aliyeinua mkono alijibu, "Ni cha mke wake, Mwalimu." Wa pili akamkosoa, akasema, "La, ni cha mwanawe mkubwa, ikiwa amekwisha kuwa mtu mzima." Wa tatu akataka kuwapatanisha, akasema kwamba mama akikalie kwanza mpaka mtoto akue. Darasa zima likakubali, kana kwamba shauri limekwisha.

Hatukuwacheka watoto hao, maana neno hilo hawakulibuni wao. Wamelisikia nyumbani, na sokoni, na matangani. Mtu mkubwa akifariki, kabla udongo wa kaburi haujakauka, wazee wa chama na wazee wa ukoo hukaa pembeni, wakanong'ona, kisha mmoja hutoka na kusema kwa sauti ya huruma, "Mwacheni mama akaimalizie kazi ya mzee." Na watu wakiisha kusikia neno hilo huona haya kulipinga, kwa kuwa kumpinga mjane aliye katika machozi ni kama kumpiga mtu aliyekwisha anguka.

Basi sisi twalipinga, na katika karatasi hii twataka kueleza sababu zetu. Wala msidhani, ndugu wasomaji, kwamba twawadharau wajane. Twaandika kwa ajili yao. Maana tukilitazama sana jambo hili twaona ya kuwa neno hilo la huruma lina dharau ndani yake, nayo ni dharau ileile iliyowatesa wajane wa nchi hii tangu zamani, ila imevikwa nguo nzuri.

Kwanza tuiseme sheria, ili mtu asipotee. Katiba yetu katika ibara ya 76 yasema ya kwamba kiti cha mbunge wa jimbo kikiwa wazi kwa kifo, au kwa kujiuzulu, au kwa sababu nyingine yo yote, uchaguzi utafanywa tena katika jimbo lile, isipokuwa ikiwa imebaki miezi 12 au chini yake kabla ya Bunge kuvunjwa. Na ibara ya 67 yataja sifa za mtu awezaye kuchaguliwa: awe raia wa Tanzania, awe ametimiza miaka 21, ajue kusoma na kuandika kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, tena awe mwanachama wa chama cha siasa aliyependekezwa na chama chake. Tafuteni katika maneno hayo neno mke, au neno mwana, au neno ukoo. Hamtaliona. Mbunge hakununua kiti, wala hakukirithi, wala hakukijenga kwa mikono yake. Alikopeshwa na wananchi kwa muda. Na mwenye kukopeshwa jembe akifa, jembe hurudi kwa mwenyewe. Haligawanywi pamoja na mbuzi wa marehemu.

Sasa tazameni jinsi mambo yanavyokwenda kinyume. Hapa kwetu, katika Mbozi na Momba na Ileje, nani asiyemjua mjane aliyenyang'anywa? Sisi tulimjua mmoja, mama wa watoto wanne waliosoma shuleni kwetu. Mumewe alikuwa na duka karibu na mpaka, na duka lile lilisimama kwa jasho la wote wawili. Mume alisafiri kuleta bidhaa, mke alikaa dukani tangu alfajiri hata usiku. Mume alipokufa, shemeji zake walikuja na kufuli mpya. Walimwambia, "Shemeji, wewe ulikuja hapa na kanga mbili tu." Hakuna aliyesema, "Mwacheni mama akaimalizie kazi ya mzee." Na yeye kazi ya mzee aliijua kweli, hata bei ya kila kitu na deni la kila mteja aliyakumbuka bila daftari.

Wala jambo hili si ubaya wa mashemeji wale peke yao. Liliandikwa. Sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963 kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba zilisema kwamba mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake ilitoa uamuzi katika shauri la wajane wawili wa Tanzania walionyimwa mali za waume zao kwa sheria hizo, ikaona kwamba haki zao zimevunjwa. Kweli, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yampa mwanamke haki sawa na mwanaume ya kupata ardhi na kuimiliki. Lakini kati ya karatasi ya sheria na kufuli ya shemeji kuna safari ndefu, na wajane wengi huchoka njiani.

Basi twauliza: Imekuwaje mjane wa mwenye duka asistahili duka alilolijenga yeye mwenyewe, na mjane wa mbunge astahili jimbo ambalo si lake wala la mumewe? Mtu atasema mambo hayo mawili ni kinyume, huyu amenyimwa na huyu amepewa. Sisi twasema ni jambo moja. Katika yote mawili hapana anayemwuliza mwanamke, "Wewe umefanya nini? Wewe waweza nini?" Humwuliza tu, "Ulikuwa mke wa nani?" Jibu likiwafaa wakubwa, hupewa, lisipowafaa, hunyang'anywa. Zamani mjane alirithiwa na nduguye marehemu pamoja na ng'ombe. Leo wataka mjane awarithi wapiga kura kana kwamba wapiga kura ndio ng'ombe. Hatuoni kwamba tumeendelea mbele. Tumegeuza tu upande wa kamba.

Lakini tusiwe watu wa kusema bila mifano. Hapa Tunduma jimbo letu ni changa. Lilianza katika uchaguzi wa mwaka 2015, akachaguliwa Frank Mwakajoka, na mwaka 2020 akachaguliwa David Silinde, kila mmoja katika uchaguzi mkuu. Kwa hiyo yatupasa kutazama kwa majirani.

Katika nchi ya Kenya, mwaka 2003, mbunge wa Naivasha, Paul Kihara, alifariki muda mfupi baada ya kuchaguliwa, na mkewe Jayne Kihara akachaguliwa mahali pake katika uchaguzi mdogo. Mwaka 2008, tarehe 10 Juni, ndege ndogo ilianguka, wakafa Kipkalya Kones, waziri wa barabara aliyekuwa mbunge wa Bomet, na Lorna Laboso, waziri msaidizi aliyekuwa mbunge wa Sotik. Tarehe 25 Septemba mwaka uleule wapiga kura wa Bomet walimchagua mjane Beatrice Kones, na wapiga kura wa Sotik walimchagua Joyce Laboso, dada wa marehemu Lorna. Watu walilia, kisha wakapiga kura, na machozi yakaingia katika sanduku pamoja na karatasi.

Je, wanawake hao walikuwa wabaya? La, hatusemi hivyo. Sikilizeni habari iliyofuata, maana ndiyo yenye mafundisho. Jayne Kihara alishindwa katika uchaguzi wa mwaka 2007. Huruma ya mwaka 2003 haikumfikisha mbali; ilikwisha kama mafuta ya taa. Lakini hakurudi nyumbani kuketi. Miaka 10 baadaye, mwaka 2017, aliomba tena kiti cha Naivasha, akakipata, na mwaka 2022 akakipata tena. Beatrice Kones naye alitoka Bungeni mwaka 2013, kisha mwaka 2017 akachaguliwa kuwa mbunge wa Bomet Mashariki. Na Joyce Laboso alipata kuwa Naibu Spika wa Bunge la Kenya, na mwaka 2017 akachaguliwa kuwa gavana wa Bomet, mmoja wa wanawake 3 wa kwanza kuchaguliwa magavana katika nchi ile. Naye alifariki mwaka 2019.

Sasa twauliza: Mwaka 2017, Kihara alichaguliwa kwa kuwa mjane? Miaka 14 ilikuwa imepita. Mtoto aliyezaliwa siku ya mazishi alikuwa amekwisha balehe. Alichaguliwa kwa jina lake mwenyewe. Basi uwezo ule uliompa kiti mwaka 2017 ulikuwamo ndani yake hata mwaka 2003. Kwa nini, basi, haukutazamwa tangu hapo? Kwa nini ilihitajiwa kwanza maiti ya mwanaume ndipo watu wafumbue macho na kumwona mwanamke aliyesimama karibu yake miaka yote?

Hapo ndipo ilipo hoja yetu. Mjane mwenye uwezo huaibishwa na kura ya rambirambi, maana kila afanyalo jema watu husema, "Ni jina la marehemu." Na mjane asiye na uwezo hudhulumiwa na kura ileile, maana hubebeshwa mzigo asioweza, kisha akianguka watu husema, "Mwaona? Wanawake hawawezi." Wote wawili hupata hasara. Anayepata faida ni nani?

Twaweza kumtaja, ingawa hatumtaji kwa jina. Ni yule mzee wa chama anayenong'ona pembeni. Kiti kikiwa wazi, waombaji huwa wengi, kila mmoja ana watu wake, na chama huogopa kupasuka. Akiwekwa mjane, wote hunyamaza kwa haya. Nao wakubwa hupata nafasi ya kupumua na kujipanga kwa uchaguzi ujao. Mjane kwao ni kama jiwe liwekwalo njiani kushika nafasi katika foleni ya maji. Mwenye nafasi akija, jiwe hupigwa teke. Humvika mama yule kilemba cha ukoka, wakimwita shujaa na mama wa jimbo, kumbe moyoni wamekwisha kupanga siku ya kumvua.

Wala hila hii si ya Afrika peke yetu. Katika Marekani ilikuwa desturi kubwa. Mwaka 1931 alikufa Thaddeus Caraway, seneta wa jimbo la Arkansas, na gavana akamteua mkewe, Hattie Caraway, akashike nafasi. Mwezi wa Januari 1932 akathibitishwa kwa uchaguzi, akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika Seneti ya Marekani. Wakubwa walidhani amewekwa ili awatunzie kiti, kisha aondoke kwa adabu. Lakini mama yule alitangaza kwamba atagombea muhula mzima, akawashinda waliotaka kiti kile, akakaa Seneti mpaka mwaka 1945. Mwaka 1940 alikufa Clyde Smith wa jimbo la Maine, na mkewe Margaret Chase Smith akachukua nafasi yake katika baraza la wawakilishi. Kisha tangu mwaka 1949 hata 1973 akawa seneta. Ni yeye ambaye mwaka 1950 alisimama mbele ya Seneti kumlaumu Joseph McCarthy, mtu wa chama chake mwenyewe, wakati wanaume wengi wenye sauti nene walipokuwa wameingiza ndimi zao mifukoni. Aliyewekwa kama jiwe aligeuka kuwa mtu, wakashangaa.

Tunajua kwamba hapa yuko msomaji atakayetushika kwa maneno yetu. Atasema, "Ninyi wenyewe mmewataja wanawake hodari walioingia kwa mlango wa ujane. Mkiufunga mlango huo, wataingia wapi? Si afadhali mlango mbaya kuliko ukuta?" Hii ni hoja nzito, na twaiheshimu kuliko nyingine zote. Hata mwanamke wa kwanza duniani kuwa waziri mkuu, Sirimavo Bandaranaike wa Ceylon, mwaka 1960, alifika baada ya mumewe kuuawa mwaka 1959.

Nasi twajibu hivi. Kwanza, hatusemi mjane afungiwe mlango. Twasema asivutwe kupitia mlango wa jeneza. Aje kwa mlango wa watu wote, ambao ni wake pia kwa haki. Pili, mlango unaofunguka tu mwanaume afapo ni mlango wa msiba. Mwanamke aliyeolewa na mtu asiye mbunge hatauona kamwe, hata awe na akili kama za Debora aliyewaamua Israeli. Binti wa mkulima wa kahawa wa Mbozi, aliyesoma kwa shida na kurudi kuwafundisha wenzake, atangoje kifo cha nani? Tatu, wakubwa wakiisha kumweka mjane mmoja hujisifu kwamba wamewaheshimu wanawake, kisha hulala usingizi miaka mingine mingi.

Tena si kweli kwamba hapana mlango mwingine, nasi hatuna haja ya kwenda Marekani kuutafuta. Mwaka 2020 majirani zetu wa Momba walimchagua Condester Sichalwe kuwa mbunge wao, kwa jina lake, si kwa jina la marehemu ye yote. Na mwaka uliofuata, tarehe 1 Juni 2021, mwanamke huyo alipotolewa katika ukumbi wa Bunge kwa sababu ya suruali aliyovaa, watu wa Momba hawakuuliza mumewe ni nani. Waliuliza kwa nini mbunge wao amezuiwa kufanya kazi waliyomtuma. Huko Mbarali, mwaka 2023, mbunge Francis Mtega alifariki katika ajali, na katika uchaguzi mdogo wa mwezi wa Septemba alichaguliwa mwanamke, Bahati Ndingo. Hakuwa mjane wa marehemu. Alikuwa mtu aliyekwisha kujifunza kazi ya Bunge katika viti maalum vya wanawake. Na huko Nakonde, hatua chache tu kutoka hapa tuandikapo, ndugu zetu Wanamwanga walio upande wa Zambia wamelizoea jina la Nawaitwika, jina la utemi lililoshikwa na mwanamke. Basi mtu asituambie kwamba watu wa pande hizi hawawezi kumtii mwanamke ila amefunikwa na kivuli cha mume.

Tena katika nchi hiyohiyo ya Zambia, Rais Michael Sata alipofariki tarehe 28 Oktoba 2014, mjane wake, Christine Kaseba, aliomba chama kimteue kugombea urais. Hakuteuliwa. Watu wengi walimcheka, wakasema mjane gani huyu asiyetulia. Sisi hatusemi kwamba alistahili kuteuliwa, wala kwamba hakustahili. Twasema hivi: Mama yule alikuwa daktari aliyesoma na kuwatibu wanawake kabla hajakaa Ikulu. Waliomtaka kwa ujane wake walikosea, na waliomkataa kwa ujane wake walikosea vilevile. Lililopasa kupimwa ni kichwa chake na kazi yake.

Sasa tugeukie wanaume, maana twaona wengine wamekwisha anza kutabasamu, wakidhani neno letu ni la wanawake tu. Msitabasamu. Watoto wa kiume wamerithi viti kuliko wajane, wala hapana aliyewaita kura ya huruma. Mwaka 2014, tarehe 1 Januari, alifariki William Mgimwa, waziri wa fedha na mbunge wa Kalenga mkoani Iringa. Tarehe 16 Machi mwanawe, Godfrey Mgimwa, alichaguliwa mahali pake. Mpinzani wake alikuwa mwanamke, Grace Tendega, ambaye hakuwa na marehemu wa kumbeba. Mwana akishika kiti cha baba, husemwa, "Damu ya uongozi." Mjane akikishika, husemwa, "Amehurumiwa." Je, damu ni digrii? Je, uongozi hupita katika mishipa kama ugonjwa? Mkituambia kwamba mjane alijifunza kazi kwa kukaa na mumewe, walau kuna sababu. Alipokea wageni, alisikia shida zao, alihesabu fedha za safari. Lakini wengi wa hao wana walikuwa shule za mbali au kazini mijini wakati baba zao walipozunguka vijijini.

Na wapiga kura waweza kukataa. Mwaka 2012 alifariki Jeremiah Sumari, mbunge wa Arumeru Mashariki, na chama chake kikamsimamisha mwanawe Siyoi. Tarehe 1 Aprili watu wa Arumeru wakamchagua Joshua Nassari wa chama kingine. Hatutaji jambo hili kwa ajili ya kupendelea chama hiki au kile. Karatasi hii si ya chama. Twalitaja ili mjue kwamba jimbo laweza kumlilia marehemu kwa moyo safi na papo hapo kuchagua kama lipendavyo. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, wala mhunzi si lazima awe wa nyumba ileile.

Imebaki hoja ya huruma. Wako wasemao, "Mjane ameachwa na watoto na madeni, kiti kitamsaidia." Ndugu, huruma ina njia zake, nazo ni nyingi. Changeni fedha. Lipeni karo za watoto. Simameni mlangoni shemeji ajapo na kufuli. Hakikisheni mafao ya marehemu yamfikie mwenyewe, yasiishie kwa mjomba. Lakini msitoe rambirambi kwa mali ya watu wengine. Kura ya jimbo ni ya mama ajifunguaye mbali na zahanati, na ya kijana mpakiaji asimamaye mpakani usiku kucha, na ya mchuuzi wa mchele. Wangapi hapa Tunduma walingoja miaka kwa miaka katika foleni za malori, mpaka kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilipofunguliwa mwezi wa Oktoba 2019? Watu wa namna hiyo wahitaji mtu wa kuwasemea kwa nguvu, na mtu wa kusema kwa nguvu hapatikani kwa kuhesabu machozi.

Basi twashauri nini? Kwa wakubwa wa vyama twasema: Kiti kikiwa wazi, fanyeni kura za maoni kwa haki. Mjane akitaka kuomba, achukue fomu kama wengine, ajibu maswali kama wengine, wala msiwatishe wenzake kwa kusema wanamvunjia heshima marehemu. Kisha ongezeni wanawake katika majimbo marehemu wakiwa hai! Tangu sasa watafuteni, wafundisheni, wasimamisheni mahali pa kushinda, si mahali pa kushindwa tu.

Kwa wapiga kura twasema: Siku mjane ajapo kuomba kura zenu, msimwulize habari za mumewe. Mwulizeni habari za maji ya mji. Mwulizeni amewahi kusimama wapi kumtetea nani. Mwulizeni atafanya nini tofauti na marehemu, maana hata marehemu alikuwa na makosa, ingawa kaburi limeyafunika. Akijibu vizuri, mchagueni bila kigugumizi, na mtu akimcheka kwamba ni mjane, mnyamazisheni. Akijibu vibaya, mwacheni kwa heshima, kisha mumpelekee unga na mafuta.

Na kwako wewe mama uliyefiwa, ikiwa karatasi hii yakufikia, twasema kwa unyenyekevu: Ukiitwa, waulize wanaokuita, "Mwaniita mimi, au mwaliita jina la mume wangu?" Wakisita kujibu, umekwisha kupata jibu. Lakini ikiwa moyoni mwako unajua kwamba kazi ile waiweza, na kwamba uliifanya nyuma ya pazia miaka mingi huku mwingine akipigiwa makofi, basi usione haya. Toka, taja jina lako la kuzaliwa, taja kazi ulizozifanya, uombe kura. Ukishindwa, omba tena, kama alivyofanya yule wa Naivasha.

Sisi tulirudi darasani siku ya pili tukauliza swali lilelile. Mikono ilichelewa kuinuka. Kisha msichana mmoja akasema, "Mwalimu, kiti ni chetu." Tukamwuliza, "Chenu kina nani?" Akatazama chini, akafikiri, akajibu, "Chetu sisi tutakaopiga kura. Na mke wake ni mmoja wetu."